Maradhi ya Unene, Kisu cha Daktari na Sahani ya Mwenyeji

 

Ndugu zetu walioko Nyeri, mtaa wa Majengo, na wenzao wa Karatina na Nanyuki, wametuletea suala ambalo kwa dhahiri ni la madaktari, lakini ukilitazama ndani yake utaliona ni letu sote. Wauliza: mtu aliyenenepa hata akaingiwa na maradhi, kisha akaenda Nairobi akapasuliwa na kupunguzwa tumbo, je, amefanya jambo la halali na la busara, au ameikimbia kazi ya kuizuia nafsi yake? Na akisharudi kwake, watu wa nyumbani na majirani wana wajibu gani juu yake? Suala la kwanza ndilo lisemwalo sana barazani. La pili hulisikii likitajwa, na sisi twaona ndilo zito zaidi.

Asije msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akadhani kuwa haya ni ya watu wa bara peke yao. Serikali ya Kenya ilipoanza kuujaribu mpango wa matibabu kwa wote, mwezi wa Disemba 2018, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza, mfano wa sukari na presha. Nayo ni nchi ya baridi na ya milima, ambayo wazee wake walikuwa wakipanda na kushuka kwa miguu na jembe begani. Leo wana wao hupandishwa na matatu na bodaboda, na chakula kilichokuwa cha mtu wa jembe kimebaki kuwa cha mtu wa kiti. Wala sisi wa pwani hatuna la kujivunia mbele yao. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa wamezidi uzito ufaao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukakuta ni 45. Basi suala la Nyeri ni suala la nyumba zetu.

Kwanza yatubidi tulijue jambo lenyewe, kwani kukihukumu kitu usichokijua ni dhulma. Upasuaji huu haukuanza jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alianza kuwapasua wanene baada ya kuonekana kwamba watu waliokatwa tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wakikonda. Leo njia zilizoenea ni mbili. Ya kwanza ni kutenga kifuko kidogo cha tumbo, kadiri ya yai, na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Ya pili ni kukata na kuondoa kiasi cha mafungu manne katika matano ya tumbo, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Na sehemu ile inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi kile kichocheo cha njaa, ndiyo maana aliyepasuliwa njaa yake hupungua, ingawa si kwa milele.

Wala hapasuliwi kila mwenye kitambi. Madaktari huuchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa urefu wa mita 1.60 mwenye kilo 102 na kitu, hesabu yake hufika 40. Tangu mwaka 1991 mpaka uliofuatwa na wengi ulikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yaliyoletwa na unene. Na mwaka 2022 mabingwa wa kazi hii waliushusha hata 35, na 30 kwa mwenye maradhi kama sukari. Na faida yake si ya sura tu. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Uswidi, ukatangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wanene wenzao wasiopasuliwa.

Wako wasemao: huyu ni mvivu, amekula kwa tamaa, na sasa atafuta njia fupi. Twasema: maneno haya yana kasoro mbili. Ya kwanza ni ya ujuzi. Mwili uliokwisha kunenepa hupigana na mwenyewe akitaka kuukondesha. Humwongezea njaa na kumpunguzia matumizi ya nguvu. Na katika unene mna urithi wa wazazi, mna kazi za kukaa, mna chakula cha bei rahisi kilichojaa mafuta na sukari. Shirika la Afya Duniani lauhesabu unene huu kuwa ni maradhi sugu. Kasoro ya pili ni ya insafu. Natukubali kwamba yuko aliyejiletea mwenyewe kwa ulafi. Je, ndiyo anyimwe dawa? Mtu akipanda mwembe wa jirani bila ya ruhusa, akaanguka na kuvunjika mguu, hatumwambii akae na mguu wake mpaka atubu. Twamfunga mguu kwanza, na nasaha ina wakati wake.

Wako na wengine wasemao: huku ni kuligeuza umbile aliloliumba Mungu. Hao twawajibu kwamba wanavyuoni wamepambanua baina ya kuugeuza mwili kwa mapambo na kuuganga kwa maradhi. Aliye mzima, akataka kukatwa tumbo ili nguo imkae vizuri harusini, huyo ameihatarisha amana aliyopewa, kwani kila kupasuliwa kuna hatari zake. Lakini aliye mgonjwa, akaambiwa na madaktari waaminifu kwamba faida ni kubwa kuliko madhara, huyo ni kama aliyekatwa kidole kilichooza ili mkono upone. Haya ndiyo tuyaonayo katika suala la kwanza, wala hatuoni haja ya kuyarefusha.

Ama suala la pili, hapa ndipo tutakapo msomaji asimame nasi. Watu wengi hudhani kwamba aliyepasuliwa amekwisha kupona siku ile atokapo hospitali. Si hivyo. Kazi ya daktari ni ya saa chache, na mgonjwa mara nyingi huruhusiwa kwenda kwake baada ya siku moja mpaka tatu. Kisha yuko njiani kurudi Nyeri, safari ya kiasi cha kilomita 150, na huko ndiko kazi iliko. Kiasi cha majuma mawili hula vya majimaji tu. Kisha huja vilivyopondwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida hakifiki illa baada ya majuma sita au manane. Maji hunywa kwa mafunda madogo madogo mchana kutwa, wala hanywi pamoja na chakula, bali hungoja kama nusu saa. Yampasa kila siku apate gramu 60 au zaidi za kile chakula cha kujenga mwili, kilichomo katika samaki, mayai, nyama, maziwa na maharagwe, naye tumbo lake halichukui ila vijiko vichache. Yampasa atembee tangu siku za mwanzo ili damu isigande miguuni, na asibebe vizito. Mwanamke yampasa angoje mwaka mmoja hata mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Na vidonge vya vitamini na madini atavimeza umri wake wote, na damu yake itapimwa mara kwa mara. Asipofanya hivyo damu hupungua, na mishipa ya fahamu huharibika.

Tena ziko alama ambazo watu wa nyumba nzima wapaswa kuzijua: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, au kutapika kusikokoma. Akiziona moja ya hizo asingoje kesho. Kutapika kwa siku nyingi humwondolea mtu vitamini ambayo ukosefu wake huharibu ubongo. Na aliyekuwa akitumia dawa za sukari asizipunguze wala asiendelee nazo kama zamani kwa rai yake mwenyewe, bali amuulize daktari, kwani sukari huweza kushuka upesi. Na dawa za maumivu mfano wa ibuprofen asizinunue dukani pasi na kuuliza, kwa sababu huweza kumtia vidonda katika tumbo lile lililoshonwa.

Sasa mtazame mtu huyu akiwa kwa watu. Amealikwa katika mahari au arusi. Kule Nyeri huwekewa mukimo uliofurika sahani, na nyama, na chai ya maziwa yenye sukari. Kwetu huitwa kwenye sinia la biriani, kisha halua na kaimati. Amekula vijiko vitano, akasema ameshiba. Mwenyeji akanuna. Mama mzazi akaapa kwamba mwanawe hali kwa sababu amerogwa au amemchukia. Shangazi akamsogezea tonge. Naye kwa haya akala tonge la sita na la saba, akatoka nje akatapika. Au akala halua, na baada ya kitambo moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamwendesha, maana kitu kitamu hushuka kwa ghafula katika utumbo wa aliyepasuliwa, khususan kwa ile njia ya kwanza. Twauliza: huu ni ukarimu gani?

Ukarimu uliwekwa kwa ajili ya mgeni. Mwenyeji amlazimishaye mgeni wake kula hamkirimu mgeni, ajikirimu mwenyewe. Ataka asifiwe kwa sahani zilizorudi tupu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kuligawanya tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Sisi tumelisoma fundisho hilo madrasani tangu utotoni, kisha mbele ya sinia tukamcheka anayelitumia. Basi aliyepasuliwa, katika jambo hili, hakuleta desturi ngeni katikati yetu. Ametukumbusha desturi tuliyoiacha.

Liko na ovu la pili, nalo ni la ulimi. Akiwa mnene walimcheka kwa unene wake. Amekonda, nywele zimempunguka kwa miezi michache, kama iwapatavyo wengi kisha zikamea, na uso umelegea. Sasa wasema ana UKIMWI, au ana saratani, au mumewe amemtesa. Wengine wamgeuzia maneno, wasema uzuri wake ni wa kununua. Basi mtu huyu aone ni lini atapata kuwa mzima machoni petu? Matokeo ya maneno haya ni kwamba wagonjwa huificha habari yao hata kwa wale wanaowapikia, wakaacha kwenda kupimwa wasije wakaonekana, na vidonge wakavificha mpaka wakavisahau. Hapa masengenyo yamekwisha kuwa madhara ya mwili, wala hayakubaki kuwa dhambi ya ulimi peke yake.

Na akituuliza mgonjwa: je, yanilazimu kuwaeleza watu? Twamjibu: la, siri ya mwili wako ni yako. Mweleze mkeo au mumeo, na yule akupikiaye. Wengine yatosha kuwaambia umeshiba, na neno hilo ni kweli hata ukiwa umeshiba kwa vijiko vitano, hukusema uwongo.

Ama saumu, watu hutatizwa nayo sana. Madaktari wengi huwakataza waliopasuliwa kufunga katika mwaka wa kwanza, na wengine huongeza hata miezi 18, kwa kuwa hawawezi kunywa maji mengi kwa mara moja wakalipa kiu ya mchana. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na kuikataa ruhusa kwa kuogopa macho ya majirani si uchaji Mungu. Wakati wake ukifika, na daktari akamkubalia, atalipa siku zake. Na siku atakapofunga, afuturu kwa taratibu. Tende moja ni sunna iliyotimia, wala hakuna aliyemlazimisha sharubati na kaimati juu yake.

Limebaki jambo la mali. Watu wa milimani wana sifa njema ya harambee, na gharama ya kupasuliwa ni kubwa, basi jamaa huchanga. Lakini mchango huishia mlangoni pa chumba cha kupasulia. Vidonge vya kila mwezi, na kupimwa damu kila mwaka, hakuna avichangiaye, navyo ndivyo vimwekavyo mtu huyu hai. Twawausia ndugu zetu wakichanga watenge fungu la miaka ijayo, na mgonjwa ajiandikishe katika hospitali iliyo karibu naye, kwani mjini Nyeri na kando ya Karatina ziko hospitali za kupima damu, wala si kila jambo lamhitaji kushuka Nairobi.

Na kwa aliyepasuliwa mwenyewe tuna neno moja. Uzito huanguka sana katika mwaka wa kwanza na nusu. Baada ya hapo mwili hujaribu kuurejesha, na tumbo dogo laweza kushindwa na mtu anywaye soda na kudonoa vitamu mchana kutwa. Daktari amekupunguzia tumbo, hakukupunguzia wajibu. Lakini usipolifikia umbo ulilolitarajia, usikate tamaa ukaacha dawa na mwendo. Ukiweza kupanda kilima usichokuwa ukikipanda, na sukari yako ikatulia, umekwisha kupewa kikubwa.

Tumewajibu ndugu zetu wa Nyeri kwa kadiri ya ujuzi wetu. Twatumai kwamba atakayeisoma karatasi hii, siku atakapomwona mgeni ameinua mkono wake mapema katika sinia, atamsogezea maji ya kunawa kwa uso mkunjufu, wala asimuulize neno. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.