Baiskeli ya Zamani au Mpya: Busara Inasemaje?



Tuna methali mbili zinazovutana. Moja inasema ya kale ni dhahabu. Nyingine inasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukiwa na jambo la kuamua, zote mbili zitakutetea, kwa hiyo hazitakuamulia. Mimi majuzi nilikuwa hapo katikati, na jambo lenyewe lilikuwa baiskeli.

Niko hapa Ilula kwa mwaka wa uchungaji, baada ya masomo ya falsafa. Natembelea vigango na jumuiya ndogondogo, na nyingine ziko mbali na lami. Stoo ya parokia kuna baiskeli ya gia ya miaka mingi: cheni ina kutu, waya za breki zimekatika, tairi la nyuma limepasuka, gia zimegoma. Fundi akasema shilingi 90,000 zitairudisha barabarani. Mpya dukani ni 280,000. Vijana wa parokia waliposikia, wakasema watachanga: "Frateri, huwezi kupanda mkweche bwana!"

Kwa hesabu, jibu ni jepesi. Lakini swali la maadili si la bei tu. Linauliza pia kwa nini nataka ninachokitaka. Hapo niliona vishawishi viwili. Cha kwanza tunakijua sote: kipya kinang'aa, na mimi ning'ae nacho. Cha pili kimejificha zaidi, hasa kwetu waseminari. Ni kupanda kibovu ili watu waseme, "Tazameni, frateri mnyenyekevu!" Huo nao ni urembo, ila umepakwa kutu.

Darasani tulijadili merikebu ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakabishana: bado ni ileile au ni nyingine? Baiskeli yangu nayo ikibadilishwa cheni, tairi, waya na pedeli, kilichobaki ni nini? Aristotle angenirudisha kwenye kusudi. Kitu kinaeleweka kwa kazi yake, na kazi ya baiskeli ni kumfikisha mtu salama. Hapa kwetu ni milima, na barabara kuu inayopita Ilula ina malori ya kwenda Mbeya mpaka Zambia. Baiskeli isiyofunga breki mteremkoni ni hatari kwangu na kwa mtoto anayevuka njia. Kubana matumizi kwa kuhatarisha maisha ya jirani si fadhila, ni ubahili.

Mwaka 2015, katika waraka wa Laudato Si', Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa vitu ovyo. Alifundisha kwamba kutumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kunaweza kuwa tendo la upendo, lakini akaweka sharti: kifanyike kwa nia njema. Sharti hilo ndilo linalotubana. Aliyezoea kutupa kila kinacholegea atazoea pia kuacha urafiki, ndoa au wito siku ya kwanza vinapoanza kulia kama cheni isiyo na grisi. Hata hivyo, si kila cha zamani kinastahili kuokolewa. Fremu ikiwa na ufa, rangi mpya ni uongo tu.

Kwa hiyo nilimwomba fundi aanze na fremu. Alisugua kutu kwenye maungio yote, akatazama moja baada ya jingine, akasema ni nzima. Nikaamua itengenezwe, na breki ziwe mpya kabisa.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe sehemu ngumu ilikuwa vijana. Nilipowaambia wasichange, mmoja akanyamaza, kisha akasema, "Frateri, unatunyima baraka." Kijana huyo analima nyanya, na anajua tenga moja lina jasho kiasi gani. Sikuwa na jibu la haraka. Kukataa hela yake ilikuwa kumhurumia, lakini pia ilikuwa kumwambia kwamba mchango wake hauhitajiki. Kristo mwenyewe alikubali kukaribishwa mezani kwa watu. Kupokea nako ni unyenyekevu, pengine mgumu kuliko kutoa. Tukakubaliana wanunue tairi na waya za breki, basi. Kilichobaki nikalipa mwenyewe.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anasema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua, na kuamuru jambo litendeke. La tatu ndilo kuu. Wengi wetu tunabaki kwenye la kwanza. Tunauliza huyu, tunauliza yule, huku baiskeli inaoza stoo na kigango kinasubiri.

Wewe una nini stoo? Labda ni cherehani ya mama, labda ni simu, labda ni mtu uliyeacha kumsalimia. Kabla ya kutupa, kagua fremu. Kabla ya kung'ang'ania, kagua fremu pia. Omba shauri kwa Roho Mtakatifu na kwa fundi, amua, kisha inuka utende.

Mungu awabariki. Tuombeane.