Waya Ukichomolewa, Je, Yamo Mafuta?

Somo: Mathayo 25:1-13



Mwezi uliopita baraza la wazee wa usharika wetu lilikutana jioni ofisini, ili kusoma majina ya watoto watakaobarikiwa katika Kipaimara. Majina yote yalikuwa yameandikwa katika laptopu ya usharika, yaani kompyuta ile ya kukunjwa iwezayo kuchukuliwa mkobani. Laptopu hiyo imetutumikia miaka 6, na muda wote huo imekaa juu ya meza ile ile, waya wake umechomekwa ukutani mchana na usiku. Pembeni mwa kioo chake palionyesha kwamba betri imejaa, asilimia 100. Tulikuwa tumefika jina la 23, ndipo umeme ukakatika. Taa ya dari ikazimika, na laptopu nayo ikazimika papo hapo, kana kwamba haina betri kabisa. Masahihisho yote ya jioni ile yakapotea, maana hatukuwa tumeyahifadhi. Tukakaa gizani, tukitazamana bila kuonana.

Mzee mmoja akasema, "Kumbe siku zote ilikuwa ikitudanganya!" Neno hilo halikututoka moyoni, nasi twataka kulitafakari pamoja nanyi mwezi huu.

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi. Yeye hakuanza kwa kulaumu betri. Kwanza alitazama soketi na chaja. Maana laptopu iliyoundwa kwa chaja ya wati 65 ikipewa ya wati 45, yaweza kuwaka na kufanya kazi, ilhali betri yake hupokea kidogo sana au haipokei kitu. Pili alitazama mipangilio iliyomo ndani ya mashine; kwa kuwa nyingine huwekwa makusudi zisijaze betri kupita asilimia 80, na huo si ugonjwa. Tatu aliizima kabisa, akachomoa waya, akaitoa betri, akapangusa vyuma vya kugusana kwa kitambaa kikavu, akabonyeza kitufe cha kuwashia muda wa nusu dakika ili mabaki ya umeme yaishe, kisha akairudisha. Pengine dawa hiyo ndogo yatosha, kwetu haikutosha.

Ndipo akaiamuru mashine itoe taarifa ya betri yake. Laptopu zenye Windows hutoa taarifa hiyo kwa amri ya powercfg /batteryreport. Humo mna hesabu mbili za kulinganishwa: kiasi ambacho betri iliundwa kubeba, na kiasi iwezacho kubeba leo. Yetu iliundwa kubeba wati-saa 48; sasa yabeba 5 tu. Na hizo 5 nazo ni dhaifu. Ikitakiwa kutoa nguvu kwa ghafula, huanguka.

Basi, ndugu, betri haikudanganya kama alivyodhani mzee wetu. Ilikuwa imejaa kweli. Ila ilijipima kwa udogo wake wa leo, wala si kwa kipimo cha yeye aliyeiunda.

Sasa tuwakumbuke wanawali kumi ambao Bwana Yesu alituhadithia habari zao. Wote kumi walikuwa na taa. Wote walitoka kwenda kumlaki bwana arusi. Wote walisinzia, hata wale wenye busara. Jioni ilipokuwa changa, hakuna mtu ambaye angeweza kuwatenga watano na watano, kwa maana taa zote ziliwaka. Ni usiku wa manane ulioonyesha nani alichukua mafuta chomboni, na nani alikuja na utambi tu.

Neno la kwanza tujifunzalo ni hili: kuwaka si kujaa. Siku ya Jumapili sote twawaka. Kengele imelia, kwaya yaimba, jirani yuko kulia na jirani yuko kushoto, mchungaji yuko mimbarani. Ni nani asiyewaka hapo? Lakini laptopu yaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa umeme wa ukutani, na betri yake isipokee hata tone. Vivyo hivyo mtu aweza kusikia Neno miaka 20, na kazi yake yote ikaendeshwa na nguvu ya wenzake, nalo Neno lisiingie ndani.

Tumewaona vijana wetu. Walijua Katekisimo, walibarikiwa mbele ya madhabahu, wengine waliongoza kwaya. Kisha wakaenda mjini kusoma au kutafuta kazi. Huko hakuna aliyewagongea kengele, wala mama wa kuwaamsha Jumapili alfajiri. Hawakumkana Kristo kwa kinywa, wala hakuna aliyewafukuza, walizimika tu. Wazazi husema kwa uchungu, "Mji umemharibu mwanangu." Ndugu, tuseme kweli. Mara nyingi mji haukuharibu kitu. Mji ulichomoa waya tu, nao ukaonyesha lililokuwa tayari ndani.

Wala tusiwanyoshee kidole vijana peke yao. Sisi wachungaji tu wa kwanza kuulizwa. Juma zima twafungua Biblia ili tupate la kuwaambia wengine. Mmoja wetu alilazwa hospitalini, akakaa siku nyingi asiweze kusoma kwa maumivu ya macho. Usiku akatafuta moyoni mwake zaburi moja nzima ya kuomba kwayo, asiione. Vipande aliviona, kama vigae vya chungu. Naye amehubiri miaka 30. Aliyetuambia hayo alitoa machozi, nasi tulionyamaza tulijua kwa nini tunanyamaza.

Neno la pili: tuangalie twajipima kwa kipimo gani. Mkristo aliyekuwa akiomba asubuhi na jioni pamoja na watoto wake, akaja kuomba jioni tu, kisha siku ya Jumapili tu, kisha wakati wa msiba tu, huyo naye hujiona amejaa. Kila mwaka kipimo chake hupungua, na kila mwaka husoma asilimia 100. Akiulizwa habari za imani yake hujibu, "Mimi mzima, mchungaji." Hasemi uongo, amesahau alivyoundwa. Yatupasa basi tusijilinganishe na jana yetu, wala na jirani, bali na lile tuliloitiwa katika ubatizo wetu.

Neno la tatu: betri huharibikaje? Betri za namna hii, za lithiamu, zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya kazi yao juu yake. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuiunda isichakae. Siku zake zina hesabu, kama siku zetu. Lakini yako mambo mawili yanayoiua mapema. La kwanza ni kukaa imejaa daima, katika joto, bila kutoa kitu. La pili ni kuachwa tupu muda mrefu, hata nguvu yake ikashuka mno isiweze tena kupokea.

Hayo mawili tunayo usharikani. Wako wapokeao daima wasitoe kamwe. Hawakosi ibada, hawakosi semina, hawakosi mkutano wa injili. Lakini mgonjwa wa jirani hawajamwona, na mjane hajaonja unga wao. Neno lililojaa lisilotoka kwa upendo humchosha mwenye kulibeba. Na wako walioacha muda mrefu. Walisema, "Nitarudi baada ya mavuno," kisha, "Baada ya Krismasi," na sasa hata wakija hawasikii kitu. Ndugu uliye hivyo, usingoje tena. Leo ni siku njema kuliko kesho.

Labda mtu atauliza: Je, Bwana hakusema katika Yohana 15 kwamba tawi lisipokaa katika mzabibu haliwezi kuzaa? Mbona basi mwatuonya tusitegemee waya? Swali hili ni la haki. Twajibu: Kristo si yule aliyebaki ukutani, tukamwacha tunapotoka kanisani. Mtume Paulo aliwaombea Waefeso ili Kristo akae mioyoni mwao kwa imani. Ibada, Neno na Meza ya Bwana ni njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka kutujaza, na anayezidharau hujidanganya. Lakini hujazwa kwa kusudi, ili mtu atokapo mlangoni atoke na Bwana wake. Tawi hutofautiana na taa ya ukutani katika neno hili moja, kwamba utomvu wa mzabibu umo ndani ya tawi lenyewe.

Baba zetu waliyajua hayo kwa matendo. Mwaka 1920, baada ya vita ya kwanza, wamisionari Wajerumani walilazimishwa kuondoka Tanganyika. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakakamatwa tena na kuzuiliwa. Walikuja ndugu wengine kusaidia, kama Walutheri wa Marekani, lakini walikuwa wachache kwa kazi kubwa namna ile. Waya ulichomolewa, tena mara mbili. Waalimu na wazee Waafrika wakafundisha, wakazika, wakatembelea wagonjwa, wakasimama mbele ya watu na Neno. Kanisa halikuzimika. Mwaka 1963 makanisa 7 yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mafuta yalikuwamo chomboni.

Neno la nne: tiba ni nini? Hapa tusikilize sana. Fundi hakuikemea betri ijitahidi. Betri iliyokufa haifufuki kwa kukemewa, wala kwa kuchomekwa siku tatu. Alisema, "Hii yabadilishwa." Tena alituonya kwamba betri ikivimba isitobolewe wala kutupwa motoni, kwa maana yaweza kuwaka na kuumiza, mashine izimwe, apelekewe fundi. Ndivyo ilivyo na moyo wetu. Mungu hakuahidi kwa kinywa cha nabii Ezekieli kwamba ataupiga msasa moyo wa jiwe. Aliahidi kuuondoa na kutoa mwingine. Hiyo ndiyo Injili. Atakayesoma maonyo yetu na kusema, "Basi nitajikaza," hajatuelewa. Aseme afadhali, "Bwana, mimi ni mtupu, nipe." Wanawali wapumbavu walikosa kwa kuwa waliomba wenzao mafuta usiku wa manane, na wenzao hawakuweza kuwapa. Yeye awezaye kutoa yuko karibu leo, wala hauzi.

Naye akitoa, tupokee kwa utaratibu. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili mwenye nyumba aifundishe jamaa yake nyumbani. Nyumba iwe basi mahali pa kujazwa. Kila jamaa ijifunze kwa moyo zaburi moja katika mwezi huu, watoto kwa wazee, bila kitabu. Mtu aombe peke yake mahali ambapo hakuna wa kumsifu. Na kila mmoja amtafute mtu mmoja wa kumtendea mema, ili alichopokea kipate kutoka. Ninyi wenye watoto mjini, msiwaulize kwa simu habari za fedha tu. Ombeni nao humo humo katika simu.

Tena mjipime mapema. Fundi alitupa shauri dogo: chomoeni waya mchana, mkiwa na nafasi, mwone mashine itakaa muda gani. Ukiipima mchana, kasoro ni habari tu. Ukiipima usiku wa kazi, kasoro ni hasara. Imani nayo ipimwe leo, tungali na afya, na duka la neema halijafungwa mlango. Siku yaja ambayo mkono wa mchungaji hautafika, wala sauti ya kwaya haitasikika, nawe utakuwa peke yako na Bwana arusi anayekuja.

Betri mpya imenunuliwa kwa sadaka yenu, nasi twawashukuru. Majina ya watoto tumeyaandika upya, tena katika daftari pia. Waombeeni hao watoto. Siku ya Kipaimara wote watawaka; ombeni wawe na mafuta.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe wajua kilichomo ndani yetu kuliko sisi wenyewe. Utuondolee moyo usioshika kitu, utupe ule unaotoka kwako. Uwakumbuke watoto wetu walio mbali, ambao waya wao umechomolewa. Uwajie huko waliko, uwashe tena taa zao. Nasi utukute macho, taa mkononi, na mafuta chomboni. Amin.