Penseli Pembeni mwa Ukurasa



Likizo ya kidato cha tano nilisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, penseli mkononi. Yasmin alipoozwa kwa mzee Raza, niliandika pembeni: "Dhuluma!" Jioni ile binti wa jirani aliniambia, huku analia, kwamba anaachishwa shule aolewe. Nilinyamaza, eti mambo ya kwao. Akaolewa.

Mtakatifu Augustino naye anaungama: alimlilia malkia Dido wa hadithini, wala hakuililia roho yake mwenyewe iliyokuwa inakufa. Je, huruma ya kitabuni ni unafiki? Nadhani hapana, ni mazoezi. Ila mazoezi bila mechi yana faida gani? Ukipigia mstari dhuluma kitabuni, jiulize: nani hapa jirani anasubiri nifungue mdomo?