Mtungi Usiotiwa Maji

Tunataka kuuliza swali ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laonekana kuwa la mchezo: je, mtungi usiotiwa maji kamwe bado ni mtungi? Msicheke upesi, ndugu wasomaji. Ndani yake limefichama swali jingine, nalo si la mchezo hata kidogo: kitu hupata heshima yake kwa kazi kinayoifanya, ama kwa macho ya watu wanaokitazama? Na yule aliyekitengeneza, heshima yake iko wapi?

Sababu ya kuuliza ni maonyesho ya ufinyanzi yaliyofanywa Uingereza mwaka wa 2022. Yalianza London, kisha toka mwezi wa sita hata mwezi wa tisa yakakaa katika nyumba ya sanaa ya York, mji wa kaskazini wenye kanisa kuu la zamani. Watu walikwenda kutazama kazi za udongo za wanawake weusi, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Nigeria, Ladi Kwali.

Mama huyo alizaliwa karibu na mwaka wa 1925 katika kijiji cha Kwali, akafundishwa kufinyanga na shangazi yake. Hakutumia gurudumu. Alipiga bonge la udongo kwa ngumi, akaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine, huku akiuzunguka mtungi kinyumenyume. Mtungi ulikaa, mama ndiye aliyezunguka. Kisha akachora juu yake mijusi, nge, nyoka na vinyonga. Mwingereza mmoja, Michael Cardew, aliyefungua shule ya ufinyanzi mwaka wa 1952 katika mji wa Abuja (mji huo sasa huitwa Suleja), aliiona mitungi yake katika nyumba ya mtawala wa mji, akastaajabu. Mwaka wa 1954 mama akaingia shuleni humo, mwanamke wa kwanza.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Kijijini mtungi huchomwa uwanjani kwa kuni na majani, kwa moto usiofika digrii 1,000. Udongo unabaki na matundu madogo yasiyoonekana. Maji hupenya pole pole, hutoka nje kama jasho, na jasho hilo likikauka huchukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi hata saa saba ya mchana wakati wa kiangazi, pasipo umeme wala mashini. Lakini Abuja mitungi ilipakwa unga wa mawe unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo, ikatiwa katika tanuru la digrii karibu 1,300. Ikatoka migumu kama jiwe, inang'aa, na mijusi yake ikaonekana vizuri kabisa. Ila haikutoka jasho tena. Ukitia maji ndani, yatakuwa na joto lile lile la nyumba. Ikapelekwa London, ikanunuliwa na watu ambao nyumbani mwao walikuwa na maji ya bomba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatoa mfano wa fundi wa msumeno. Fundi huyo huchagua chuma, hachagui kioo, ijapokuwa kioo chapendeza macho zaidi. Kwa maana msumeno ni wa kukata, na uzuri unaozuia kukata si uzuri wa msumeno. Kwa kipimo hicho mtungi wa Abuja umepoteza kitu. Tusione haya kusema hivyo mbele ya wataalamu wa Ulaya: ule wa kijijini, wa bei ndogo, ulikuwa mtungi zaidi.

Walakini tusikimbilie hukumu. Kule Bethania, Maria alipomwaga marashi ya thamani miguuni pa Yezu, aliyeuliza faida ni Yuda. Na hesabu yake ilikuwa sawa! Dinari mia tatu zingelisha maskini wengi. Hata hivyo Bwana alimtetea yule mwanamke. Basi si kila kitu kizuri sharti kijibu swali la faida. Tena iko kalisi yetu. Hakuna anayeichukua nyumbani kunywea pombe. Imetengwa, wala hatusemi kwamba imepotezwa. Lakini angalieni tofauti: kalisi imetengwa ili ifanye kazi kubwa kuliko zote, nayo hunywewa kila Misa. Kikombe kilichofungiwa nyuma ya kioo kimetengwa ili kisifanye kazi.

Katika nyumba hiyo hiyo ya York kuna hazina ya mtu mmoja, W. A. Ismay, mtunza maktaba wa nchi ile. Kuanzia mwaka wa 1955 alinunua vyombo vya wafinyanzi wa siku zake, hata vikapita 3,600 katika nyumba yake ndogo ya Wakefield. Naye hakuviogopa: alikula ndani yake, akawanywesha wageni chai. Alipokufa mwaka wa 2001 akawaachia watu wa York vyote. Sasa viko salama, vinafutwa vumbi na watu wenye ujuzi, wala hakuna kinywa kitakachovigusa. Sisi twaona huruma kidogo. Chungu kuvunjika jikoni ni kifo cha kawaida, kama mzee kufa kati ya wajukuu wake.

Mpaka hapa tumesema habari za chombo tu. Mfinyanzi je?

Katika Kivu, Rwanda na Burundi, Batwa wanafinyanga tangu zamani. Jirani zao walinunua vyungu vyao, wakapikia maharagwe, wakala wakashiba. Lakini kula pamoja na Mtwa walikataa, na kwenye chungu cha pombe alinyimwa mrija. Fikirini vizuri: chungu ni safi, na mkono uliokifinyanga ni mchafu! Akili gani hiyo? Mpagani aliyeshika desturi za babu zake twaweza kumwelewa. Lakini wako watu waliobatizwa, wanaopokea Komunio pamoja na Mtwa asubuhi, na jioni hawataki kiti chake kiwe karibu na chao.

Katika mitungi ya Abuja imepigwa alama ya herufi mbili, L na K. Ladi Kwali alikufa mwaka wa 1984, na leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Kioo cha Ulaya kimeinyima mitungi yake kazi, lakini mama amepewa jina. Sisi tuliuachia mtungi kazi yake, tukamnyima mwenye kuufinyanga jina. Tukiulizwa ni kosa lipi kubwa zaidi, hatuna mashaka: mtungi hauna roho, hauoni haya, haulii usiku.

Na hata hiyo kazi ya vyungu yaondoka. Madumu ya plastiki na sufuria za alumini zimechukua wanunuzi, na huko Rwanda mabonde mengine yaliyotoa udongo yamelimwa mpunga.

Parokia nyingi huweka maji ya baraka mlangoni katika ndoo ya plastiki. Mtungi wa udongo wafaa zaidi, na mama Mtwa aufinyangaye alipwe bei yake yote, na jina lake lisomwe pamoja na matangazo ya Jumapili kama lisomwavyo la mtu aliyetoa mabati. Utatoka jasho, bila shaka, na sakafu italowa kidogo. Katekista atalazimika kuujaza kila Jumamosi.