Neno Lina Mwenyewe

Ng'ambo ya mlango wa bahari, mkabala na Pemba, watoto wa vijiji vya Tanga walijifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi, katika mashindano yaliyohitimishwa mwaka 2019. Wapo sasa waulizao: je, chombo hicho hakiwezi kumfundisha mwanafunzi wa Pemba kutunga mashairi?

Twajibu kwamba chaweza kiasi. Kuhesabu mizani 16 za mshororo na kuonyesha kina kilichopotea ni msaada halali, wala mwalimu asiukatae. Lakini Kamange na Sarahani, malenga wa Pemba ambao tungo zao zilitolewa kitabuni mwaka 2011, walijibizana kwa mashairi. Atungaye hivyo hujua kwamba neno lake litamrudia, naye hana budi kulisimamia.

Mtoto apewaye na mashine ubeti mzima, akautia jina lake, hamdanganyi mwalimu peke yake; anainyima nafsi yake sauti aliyojaliwa na Mungu. Basi, enyi wazazi na walimu, chombo na kihesabu mizani. Ninyi mwulizeni mtoto: Neno hili ni lako? Utalijibia mbele ya watu?