Kochi lenye jina

Ingvar Kamprad alianzisha IKEA, kampuni inayouza samani, nchini Uswidi mwaka 1943, akiwa na miaka 17. Alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, na namba za bidhaa zilimchanganya. Basi samani akazipa majina; makochi, kwa mfano, yakaitwa kwa majina ya mahali huko kwao.

Wengi husimulia habari hii kana kwamba disleksia ndiyo iliyomtajirisha. Siamini. Kilichomfaa ni uhuru wa kupanga kazi ifuate akili yake. Mwenye duka mwenye hali hiyohiyo huukosa uhuru huo anapowekewa mkataba mrefu wa mkopo na kuambiwa atie sahihi papo hapo. Aibu humfunga mdomo, na usiku hapati usingizi. Benki ingeweza kumsomea kwa sauti, kipengele kwa kipengele, kabla hajashika kalamu.