Nani Anadaiwa Lugha?

Nyanya yangu huniongelesha Kidawida, nami humjibu kwa Kiswahili. Tunaelewana, lakini si kwa yote. Kwa miaka nimejitetea: si kosa langu, hakuna aliyenifundisha. Kisha nikasoma kuhusu Wabhoksa, na utetezi wangu ukaanza kuyumba.

Wabhoksa, ambao pia huitwa Wabuksa, ni wenyeji wa Terai, ukanda wa misitu na majimaji chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mwa India. Wengi wako jimbo la Uttarakhand, sehemu kama Bazpur, Gadarpur na Ramnagar. Zamani Terai iliogopwa kwa malaria; mgeni hakutamani kulala huko. Yaani ugonjwa ndio uliowalindia ardhi! Baada ya uhuru wa 1947, DDT ikapulizwa, misitu ikafyekwa, na wageni wakapewa mashamba, wakiwemo wakimbizi wa mgawanyiko wa Punjab. Utamlaumu nani hapo? Mkimbizi alikuwa amepoteza kila kitu, na malaria haina wa kuililia. Lakini wenyeji walijikuta wachache kwao, na mashamba mengi yakawaponyoka.

Mwaka 1967 serikali iliwaweka kwenye orodha ya makabila yanayopewa ulinzi maalum, hatua inayofungua nafasi za masomo na kazi. Hiyo ni haki, sibishi. Ila lugha yao haimo kati ya zile 22 zilizotajwa katika Jedwali la Nane la Katiba ya India. Shuleni na ofisini ni Kihindi. Na kwa kuwa Kibuksa ni jamaa wa Kihindi, ni rahisi mtu kukidharau, ati ni Kihindi kibovu cha kijijini. Ukiaminishwa hivyo tangu utotoni, kweli utamrithisha mwanao?

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza: lugha ni chombo tu, kikichakaa badilisha. La pili: lugha ni urithi, anayeiacha ni msaliti. Yote mawili yananikera. La kwanza linasahau kwamba chombo hiki hakikuchakaa chenyewe, kilinyimwa kazi. La pili linamhukumu mama anayetaka mwanawe apate kazi, huku likimwacha huru aliyeipandisha bei ya lugha ya mama huyo.

Mimi naona hivi. Uamuzi unaofanywa chini ya aibu si hiari kamili, kwa hivyo mzazi aliyenyamaza simlaumu. Deni kubwa liko kwa shule na serikali zilizofanya kunyamaza kuwe ndiyo busara. Lakini lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama huuliza nani alianza. Wajibu huuliza nani bado ana nafasi.

Hapo ndipo nashikwa. Mamangu alikuwa na sababu ya kuninyima Kidawida. Mimi nina sababu gani ya kuendelea kukikwepa? Nina simu, nina nyanya, na hakuna mwalimu anayenisubiri na kiboko. Kuwahurumia Wabhoksa nikiwa kitandani Nairobi ni rahisi mno.

Jumapili nilimpigia. Nilianza kwa Kidawida, nikakosea sentensi ya kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanirekebisha, polepole, akanisubiri nirudie.